Bidoni Iliyorudi Tupu

Maji yanapoanguka juu ya udongo mwekundu uliochomwa na jua la mwezi wa tisa, harufu inayopanda haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Nyinyi mliokulia Kolwezi mnaijua: harufu ya vumbi, ya chuma kidogo, ya kitu kilichokuwa kimelala kikaamshwa ghafla. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa Manika, na kila mwaka, wiki chache kabla ya mvua za kwanza, joto linapowafanya watoto wawe wakali kama nyigu, natoa mabeseni nje. Nawapa makopo niliyoyatoboa matundu kwa msumari, vikombe, vitambaa vya kukamua, chupa za plastiki zilizokatwa shingo. Wanachota, wanamimina, wanashindana nani atajaza kwanza, wanaosha mawe ambayo hayakuomba kuoshwa. Hakuna mchezo rahisi kuliko huo, wala wenye kelele zaidi. Baada ya nusu saa wote wamelowa mpaka masikioni, na mimi pia, na jioni wazazi wanakuja kunilalamikia habari za mafua.

Wenzangu shuleni hunicheka kwa jambo moja. Katika michezo yangu ya maji hakuna bidoni. Unajua, lile dumu la plastiki la njano ambalo kila nyumba ya hapa inalo, la mafuta ya kupikia yaliyokwisha. Mtoto akilishika, hata kama ni tupu, namnyang'anya. Mkuu wetu wa shule aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba bidoni ni vyombo vya jikoni na watoto watazipasua. Alinisadiki, maana nina uso wa mtu anayependa vyombo vyake. Lakini ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nina aibu, na aibu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka thelathini. Nimechoka kukaa nayo peke yangu, kwa hiyo leo mtanisaidia kuishika.

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari minyoofu kana kwamba aliyezijenga aliogopa watu wangepotea. Baba alikuwa karani wa stoo. Sisi ni Baluba wa kaskazini mwa Katanga, watu wa misa ya kwanza na bukari ngumu, ndio ugali wetu. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Tata Ntumba, fundi umeme, na mkewe Mama Ntumba, na binti yao Ntumba mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka minane kama mimi. Baadaye alizaliwa pia mtoto wa kiume, Mukendi. Wao walikuwa watu wa Kasai, jimbo la jirani. Nasema hivyo kwa sababu baadaye kila mtu alisema hivyo, lakini Tata Ntumba alizaliwa palepale Kolwezi, na huko Kasai hajawahi kukanyaga. Babu yake ndiye aliyekuja zamani kujenga reli.

Katikati ya nyumba zetu mbili kulikuwa na bomba moja, robine tuliyoiita yetu, na hapo ndipo ulipokuwa utoto wangu. Kampuni ya mgodi ilikuwa bado na nguvu na maji yalitoka mchana kutwa. Tulitoboa makopo ya maziwa ya unga tukanyeshea mvua bustani ya mama mpaka mchicha ukalala chini. Tulipuliza mapovu ya sabuni kwa mrija wa jani la papai. Tulikuwa na mchezo wa kujaza mdomo maji na kukodoleana macho, anayecheka kwanza anamlowesha mwenzake na ameshindwa. Ntumba angeweza kushika maji mdomoni kuanzia Baba Yetu mpaka Amina ya mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa kucheka, nilimtapikia usoni kila mara, na yeye alijifuta polepole kwa mkono na kusema, "Bado. Tuanze tena." Alikuwa na subira ambayo mimi mpaka leo sina.

Na kulikuwa na nyenje. Kiangazi nyenje wanajichimbia ardhini, na ukitaka kumpata unamwagia maji kwenye tundu lake mpaka atoke mwenyewe, amelowa, hasira zimemjaa. Unamkaanga kwa chumvi. Ntumba ndiye aliyenifundisha kutambua tundu lenye mwenyewe na tundu la bure: lenye mwenyewe lina kifusi kipya mlangoni.

Mama zetu walikuwa na desturi yao. Mama Ntumba akituletea sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani, sahani ile haikurudi kwake tupu. Mama aliitia kandolo mbili, viazi vitamu vyetu, au konzi ya karanga, au ndimu. Naye Mama Ntumba akipata bakuli letu, lilirudi na kitu. Wanawake wengi wa kambi walifanya hivyo, lakini hawa wawili walikuwa wameifanya vita. Siku moja tulikuwa hatuna kitu kabisa, mama akarudisha sahani na njiti tatu za kiberiti, na baba akacheka mpaka akakohoa, akisema hawa wakikosa vitu watapelekeana moshi. Mama hakucheka. Alinieleza kwamba chombo kinaporudi tupu, mwenye kukirudisha amesema kwamba mambo kati yenu yamekwisha. Kwao kijijini, alisema, wanawake walikuwa wakiachana urafiki namna hiyo, bila kutupiana neno. Nilisikia, nikaliweka kichwani pamoja na mengine mengi ya watu wazima, kama vile kutokupiga mluzi ndani ya nyumba.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Sisi watoto tuliijua kwa robine. Kwanza maji yalikatika mchana, halafu yakawa ya asubuhi tu, halafu yakaja nusu saa huku yakikohoa, na mama akaanza kutupiga kwa kucheza nayo. Mishahara ilichelewa, baba akawa anarudi nyumbani na magazeti ya zamani badala ya mkate. Na watu wanapoumwa njaa wanatafuta aliyewaibia. Kwenye mikutano wakubwa walisema ni hawa wageni, hawa wa Kasai, ndio waliokaa kwenye viti vyetu. Vijana wenye fimbo walianza kupita kambini wakiimba. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. "Bilulu batoke!" Nami nilijua maana yake ni watu. Sikujua kwamba ni Ntumba.

Walitoka asubuhi moja, mlango wao umevunjwa tayari. Tata Ntumba alibeba godoro, Mama Ntumba mtoto mgongoni na cherehani kichwani, Ntumba sufuria mbili. Mama alitoka akawasaidia kufunga mizigo huku baba akimwita kutoka dirishani arudi ndani, si kwa ubaya, kwa woga. Nilimpungia Ntumba mkono. Nilidhani ni safari. Wote wale, mamia kwa mamia, walikwenda kungoja treni kwenye stesheni, na treni haikuja siku ile, wala juma lile, wala lililofuata. Walilala chini, kwenye jukwaa na kwenye madarasa ya shule ya jirani, na bomba la pale lilikuwa moja.

Kuwasaidia kulikuwa hatari. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alionekana akiwapelekea unga, na jioni akapigiwa mawe kwenye bati. Ndiyo maana mama alinituma mimi. Mtoto hasimamishwi. Mara mbili nilipeleka chakula kwenye sahani chini ya kitambaa, na mara zote mbili sahani ilirudi na kitu, mnaamini? Kutoka kwa watu waliolala chini. Mara ya kwanza ilikuwa karanga tano. Mara ya pili sindano moja ikiwa na uzi mweupe. Mama aliishika ile sindano kwenye mwanga, akaichomeka kwenye kanga yake kifuani, akashinda nayo kutwa nzima.

Halafu zikaja habari kwamba Mukendi anaharisha. Watoto wa pale stesheni walikuwa wakiumwa tumbo mmoja baada ya mwingine, na wengine walikuwa wameshazikwa. Siku ile maji yalitoka kwenye robine yetu kwa muda mfupi kuliko wa kusali rozari. Mama alipata ndoo moja. Aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha kwa makaa aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya chakula chetu, akayafunika mpaka yakapoa, akayamimina kwenye bidoni ya lita tano. Kizibo kilikuwa kimepotea, akaziba kwa karatasi ya nailoni na gunzi la hindi. Sisi tulibaki na kikombe kimoja kimoja kwa siku nzima.

"Ngoie, ii mayi nilisha kuitokotesha," alisema akiniwekea kata kichwani. "Njo ya Mukendi, tumbo yake iko inamuuma sana. Usisimame mu njia. Usicheze na batoto. Bakikuuliza, sema unaenda kuuzisha mayi. Unasikia?"

Nilisikia. Uongo wa kwanza wa siku ile ulikuwa wa mama, na ulikuwa uongo mzuri.

Sasa niwaambie yaliyofuata, na msiniangalie sana.

Karibu na uwanja wa mpira niliwakuta watoto wa kambi yetu wamepiga magoti kwenye majani makavu. Mkubwa wao alikuwa Kyungu, msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye sauti ya kiranja. Walikuwa wakiwinda nyenje kwa vijiti, kwa sababu maji hayakuwapo tena kambini kwa mchezo, na vijiti vinawaua ndani. Kyungu alinyanyua kichwa akaona bidoni.

"Ngoie! Tumwangie mayi kidogo. Kidogo tu! Kuko kamoja kakubwa umu ndani."

Nilisema hapana. Nataka mjue kwamba nilisema hapana. Nilisema ni ya kuuzisha. Wakacheka, wakasema sasa Ngoie amekuwa muchoyo. Mimi nilikuwa mtoto ambaye hakuwahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Mbio nilikuwa wa mwisho, kuimba nilikuwa nje ya sauti, na tangu Ntumba aondoke sikuwa na wa kucheza naye. Na sasa hawa wote walikuwa wamenigeukia mimi, wakiniomba mimi, kwa sababu ya maji niliyokuwa nayo kichwani. Nikashusha bidoni. Nikatoa gunzi. Nikamimina kidogo.

Udongo ulinywa, ile harufu ikapanda, na yule nyenje akatoka akiwa mkubwa kama kidole gumba. Tulipiga kelele. Kyungu ndiye aliyeanza, kwa mapigo ya viganja, na wote tukaitikia: "Bilulu batoke! Bilulu batoke!" Mimi pia. Niliimba kwa nguvu kuliko wote, maana maji yalikuwa yangu. Nikamimina tundu la pili na la tatu. Niliwaonyesha namna ya kutambua lenye mwenyewe, kwa kifusi kipya mlangoni, nao wakanisifu kwa akili zangu. Halafu tukasahau nyenje, tukaanza ule mchezo wa maji mdomoni, Kyungu na mimi, macho kwa macho, na kwa mara ya kwanza maishani nilishinda. Sijawahi kucheza kwa furaha namna ile, wala kabla wala baada. Hilo ndilo linalonisumbua ninapowaona wanafunzi wangu wakicheka kwenye mabeseni. Ilikuwa tamu kweli.

Bidoni ilipokuwa nyepesi ndipo nilipoitazama. Kulikuwa na maji ya kufunika kidole.

Watu wazima husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa. Chini ya uwanja kulikuwa na mtaro unaotoka kwenye kiwanda cha kuoshea mawe ya shaba, na kila mtoto wa Kolwezi aliambiwa tangu anaanza kutembea: humo hata mguu usitie. Mbuzi walikuwa hawanywi pale. Nilichuchumaa ukingoni, nikazamisha shingo ya bidoni, nikaisikia ikigugumia mpaka ikajaa. Nilichungulia kwa juu, nikajiambia maji ni maji. Nikaziba kwa gunzi, nikaibeba, nikaondoka mbio nusu na mwendo nusu.

Stesheni ilinuka moshi na watu. Kulikuwa na vitanda vilivyosimamishwa wima kuwa kuta, milango ambayo watu walikuwa wameing'oa kwenye nyumba zao wakaja nayo, makabati, kuku mmoja amefungwa kwenye mguu wa meza. Wanawake walikaa bila kuongea, na hilo lilinitisha kuliko kitu kingine, maana mama zetu wa kambi walikuwa hawanyamazi. Ntumba aliniona kabla sijamwona. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kivuli cha meza ambapo mama yake alikuwa amekaa na Mukendi mapajani. Mtoto alikuwa analia kilio kidogo, kisichokuwa na nguvu ya kuwa kilio.

"Karibu, mama," alisema Mama Ntumba. Kwetu mtoto wa kike huitwa hivyo kwa upendo. "Mama yako anatukumbuka bado. Mungu amubariki."

Alitoa gunzi, akamimina kwenye sufuria nyeupe ya enameli. Kwenye bidoni ya njano maji yalikuwa yamejificha. Kwenye sufuria nyeupe hayakuwa na pa kujificha. Yalikuwa ya kijani hafifu, na chini yake tope jekundu lilikuwa linajizungusha polepole. Mama Ntumba aliacha kumimina. Aliyatazama maji, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta namna ya kutokuamini.

"Ngoie," aliniuliza kwa sauti ndogo, "ii mayi, ni mama yako njo aliichota?"

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na mlango. Ningesema: nilicheza, nikamwaga, nikachota mtaroni. Angenipiga kofi, au angelia, na ningekuwa mtoto mjinga tu, dunia imejaa watoto wajinga. Lakini niliona kwamba nikisema hivyo atamwambia mama, na mama atanipiga. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo. Nilikuwa naogopa fimbo.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Yeye mwenyewe?"

"Njo yeye. Na mikono yake."

Ile ya mikono niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyeniuliza.

 Mama Ntumba aliimimina bidoni yote ndani ya sufuria mpaka tone la mwisho, akaikung'uta. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa nguo uliokuwa kando yake, ukaingia ndani, ukatafuta, kwa mazoea tu. Kisha ukasimama. Ukatoka bila kitu. Alinipa bidoni.

"Umushukuru mama yako," alisema.

Nikageuka. Ntumba alinifuata hatua chache akaniuliza, "Utakuya kesho?" Nikasema nitakuja. Nyuma yangu Mukendi alikuwa bado analia. Nilipofika kwenye reli nilianza kukimbia, na bidoni tupu ilikuwa inanigonga mgongoni kwa mlio wa ngoma.

Nyumbani mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza kama nimesimamishwa njiani, nikasema hapana. Akaniuliza Mukendi yuko namna gani, nikasema analia. Akaniuliza Mama Ntumba amesema nini, nikasema anashukuru. Kisha akapokea bidoni, akaitikisa karibu na sikio, akaangalia kama kuna kitu kimefungwa kwenye kishikio chake. Alinitazama mikono yangu miwili.

"Hakutia kitu?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hukuangusha mu njia?"

"Hapana, mama."

Na hapo nilikuwa nasema kweli. Mama alikaa kwenye ngazi ya mlango, bidoni mapajani. Baba alipokuja alimkuta palepale. "Banatukasirikia," mama alimwambia. "Beko na haki. Miye pia ningekasirika. Mutu anakaa chini kama mbuzi, jirani anamuletea sahani ya bukari kisha anarudia kulala mu nyumba." Akasema hatanituma tena, asiwaongezee watu uchungu kwa kujipendekeza. Baba aliitikia kwa kichwa. Nadhani alipumua.

Mimi pia nilipumua. Nakiri. Nilikuwa nimeogopa kesho yake, jinsi nitakavyomtazama Mama Ntumba usoni, na sasa kesho ilikuwa imefutwa. Usiku ule nililala vizuri.

Treni ilikuja siku nyingi baadaye. Tuliisikia ikipiga honi tukiwa mezani, na mama akaweka kijiko chini. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mabehewa, walisema waliokwenda kutazama. Sisi hatukwenda. Katika siku zote zile za kati, hakuna maji yaliyotoka nyumbani kwetu kwenda stesheni. Katika nyumba ya Ntumba walihamia watu wengine, waliokuwa wazuri tu, ambao mama hakuwapelekea sahani hata moja.

Kuelewa kulinijia vipande vipande. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, nikiwa misa, padri akihubiri habari ya mtu kunyimwa maji, nilipoona ghafla alichokuwa ameona Mama Ntumba kwenye sufuria ile: rafiki yake wa miaka yote, mtu wa mwisho aliyebaki upande wake, amemchotea mtoto wake mgonjwa maji ya mtaroni.   Na alichoona mama kwenye bidoni tupu nilikijua kila siku, kwa sababu alikisema. Kila palipotajwa Kasai, kwenye redio au kwenye matanga, mama alisema, "Mama Ntumba alituacha na kinyongo," kwa sauti ya mtu anayekubali hukumu. Wanawake wawili waliachana kila mmoja akiamini kwamba ni mwenzake aliyefunga mlango. Mimi peke yangu nilijua nani aliufunga, na nilinyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno.

Nilijaribu kusema mara nyingi. Nilipoolewa, nilipojifungua, baba alipofariki. Kila mara nilipata sababu: mama amechoka, mama anaumwa, mambo ya zamani yana faida gani. Nilifundisha watoto wa watu kukiri makosa yao kwa sauti, mbele ya darasa, na nilikuwa mkali sana kwa waongo.

Kiangazi kilichopita tulikuwa nyuma ya nyumba ya mama, mimi na yeye, tunachambua maharage kwenye ungo. Ni mzee sasa, macho yamefifia, anachambua kwa vidole. Alisema, bila sababu, kwamba angependa kujua kama Ntumba aliolewa. Na mimi nikasema yote. Nyenje, wimbo, mtaro, ile ndiyo, na ile ya mikono. Nilisema nikiangalia maharage. Nilipomaliza nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa msamaha, na nawaambia bila kujificha kwamba huo wa mwisho ndio niliokuwa nautamani. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimebeba jina la mama yangu nililolichafua na urafiki nilioukata, na nilidhani hilo ndilo kosa lote.

Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya ungo. Hakuniuliza kwa nini nilimsingizia. Hakusema lolote kuhusu Mama Ntumba, wala kuhusu miaka yake mwenyewe ya kujiona mwenye hatia. Aligeuza uso wake upande niliokaa.

"Na Mukendi?" aliuliza. "Alikunywa ile mayi?"

  Katika miaka zaidi ya thelathini ya kujionea aibu, swali hilo sikuwahi kujiuliza hata mara moja.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikungoja kuona."